Draug Jikoni kwa Mama

Skarvøya, 4 Oktoba 1973

Mwanangu Steinar,

Mimi mzima. Goti ndilo linalolalamika, lakini hilo lingelalamika hata peponi. Viazi tumevitoa ardhini kabla ya baridi kuviuma. Kondoo wameshuka kutoka mlimani wote, na yule dume mwenye kiburi sasa yuko kwenye pipa la chumvi, kiburi kimekwisha. Jirani yetu Ovedie bado ana nyonga yake mbovu na bado anaisimulia kwa kila anayepita. Tumepata mchungaji mpya anayehubiri kwa sauti ndogo mno, hata Jumapili tunasikia zaidi matumbo ya wazee kuliko Injili.

Nimepata wageni. Ni vijana wa Oslo, hawafiki kumi, wamekuja kupiga filamu. Mkubwa wao ni msichana anaitwa Wenche, anavuta sigara kama meli ya posta. Waliniomba banda la mashua, nikawapa. Halafu nikaona wamelala humo humo bandani, wamejifunika turubai, meno yanagongana. Nikawapandisha nyumbani. Chumba chako amelala mrefu mmoja anaitwa Jostein, miguu inatokeza nje ya kitanda. Usinune. Kitanda kisipolaliwa kinaota ukungu.

Nilimuuliza Wenche, "Filamu yenyewe inahusu nini?" Akasema, "Mambo ya bahari, mama." Basi nami nakuambia hivyo hivyo.

Meli za kuja kwenu zitakoma karibuni bahari ikiganda, kwa hiyo andika upesi. Soksi zimo ndani ya kifurushi. Zivae, usiziweke tu. Najua mgodini mnajifanya hamsikii baridi.

Mama yako,
Hjørdis

*

Longyearbyen, 25 Oktoba 1973

Mama mpenzi,

Asante kwa soksi, nimezivaa. Mimi mzima. Jua limeshatuaga hapa, tutaonana nalo mwakani. Kazi ni ile ile, tunaingia mlimani asubuhi, tunatoka weusi. Torvald ninayeishi naye chumba kimoja anakusalimu. Anasema jamu yako ya mwisho ilikuwa dawa.

Sasa nina jambo.

Meli iliyoleta barua yako ilileta na magazeti. Jana nilikuwa nakula bwaloni, Torvald akanisukumia gazeti akasema, "Hapa si kwenu?" Nikaona picha. Huyo Wenche wako amesimama mbele ya banda letu na sigara yake. Juu imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba vijana wanatengeneza filamu ya kutisha kuhusu draug.

Mama, hayo ndiyo mambo ya bahari?

Wao kwao Oslo draug ni hadithi ya kuwatishia watoto. Ni mzimu wa mvuvi aliyezama asizikwe, kichwa chake mwani, anapiga kasia mashua iliyokatika nusu, na anayesikia ukelele wake ajue kuna mtu atakufa. Ni raha kuitazama ukiwa na tiketi mkononi. Lakini baba alitoka kuvua Februari ya mwaka hamsini na tisa na hadi leo hana kaburi. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili wenzangu shuleni waliniuliza kama baba yangu sasa ameota mwani kichwani. Nilimpiga mmoja hadi akatapika. Hukuwahi kuniuliza kwa nini, nami sikuwahi kukwambia.

Waambie waondoke. Wakikataa, mwite mkuu wa polisi. Na koti la baba lililoko darini asiliguse mtu.

Samahani kwa ukali. Nijibu haraka.

Steinar

*

Skarvøya, 8 Novemba 1973

Mwanangu,

Barua yako haijanifikia. Labda imelala bandarini Tromsø, kila kitu hulala Tromsø. Naandika hii niiwahi meli.

Huku salama. Upepo umeondoa mabati mawili ya zizi. Ovedie ameacha kuja kunywa kahawa kwangu, nitakwambia kwa nini.

Ile filamu, mwanangu, ni ya draug. Naona nikwambie mwenyewe kabla hujasikia kwa watu. Usiogope, ni kichekesho. Hawana hata senti. Hawana taa za kutosha, kwa hiyo wanapiga picha zile saa chache za mchana mwanga ukiwa wa buluu, kisha wanarudi mbio ndani kula viazi vyangu. Kichwa cha draug walitaka kukinunua cha mpira, ikashindikana. Basi wanamfunga Jostein mwani wa kweli. Mwani ukikauka unanyauka, anaonekana kama shangazi mwenye kofia mbaya, kwa hiyo kila siku unatafutwa mwingine. Anayeutafuta ni mimi. Wao hawajui hata mwani upi una majani mapana na upi una nyuzi.

Koti walilomletea lilikuwa la plastiki ya njano, la kwenda nalo sokoni. Akitembea linalia kwichi, kwichi. Draug gani huyo? Nikapanda darini nikateremsha koti la kuvulia la baba yako, lile zito la turubai alilokuwa akilipaka mafuta. Lilikuwa limekakamaa kama ubao. Nikalipaka mafuta ya kitani, nikalitundika karibu na jiko, nikalipaka tena. Siku ya pili nyumba nzima ilinuka kama zamani.

Jostein akalivaa. Lilimkaa.

Jioni nilikuwa namenya viazi, nimeupa mlango mgongo. Nikasikia komeo linainuka, nikasikia buti. Nikageuka, nikamwona amesimama pale na mwani wake, maji yanachuruzika, anatetemeka. Akasema, "Mama Hjørdis, naomba nikae karibu na jiko kidogo." Nikamwambia, "Buti mlangoni." Hivyo tu. Akazivua.

Ovedie alikuwa mezani na kikombe chake. Hajarudi tena tangu siku hiyo.

Sina zaidi. Vaa soksi.

Mama yako

*

Skarvøya, 20 Novemba 1973

Steinar,

Barua yako imefika. Umeniandikia kama karani wa mahakama, halafu mwishoni ukaomba samahani, kama mtu anayepiga teke kisha anapapasa.

Habari za kwetu kwanza, maana sisi ni watu wenye adabu. Mimi mzima, kondoo wazima, mabati yamerudishwa. Jostein ndiye aliyeyapigilia misumari. Ana kizunguzungu cha bahari lakini paani hatikisiki.

Koti umelikuta limeshateremshwa. Barua zetu zimepishana njiani, si kosa la mtu. Lakini hata kama barua yako ingetangulia, ningeliteremsha. Lilikuwa koti la mume wangu kabla halijawa la baba yako. Miaka kumi na minne limening'inia darini, na kila nilipopanda kuchukua sufu nililipita kwa ubavu kama mtu ananidai. Nimechoka kulipita kwa ubavu.

Hayo ya shuleni sikuyajua. Nilijua ulipigana. Nilidhani ni mambo ya wavulana. Sitaandika zaidi juu ya hilo, karatasi haitoshi.

Sasa jambo jingine, na nakwambia ili usilikute gazetini. Mwigizaji wao, yule wa kuigiza mke wa draug, ameondoka. Alisema hakusomea uigizaji aje ale samaki wa chumvi kila siku ya Mungu. Ameacha filamu katikati. Wenche alikaa kwenye ngazi zangu akalia, na sigara mkononi, moshi na machozi vikachanganyika. Nikamuuliza, "Huyo mke ana umri gani?" Akaniangalia. Nikajuta kuuliza, lakini neno likitoka limetoka.

Basi mke ni mimi. Maneno hayazidi kumi. Kazi yangu ni kutazama nje ya dirisha na kungoja, na hiyo sikuhitaji kufundishwa. Mwisho wa filamu mke anachoka kungoja, anapanda mashua ndogo, anapiga makasia kumfuata mumewe baharini. Ni karibu na ufukwe tu, na bahari ikiwa imetulia.

Salamu kwa Torvald. Jamu nyingine inakuja.

Mama yako

*

Longyearbyen, 5 Desemba 1973

Mama,

Ndege ya barua imetua, inaondoka baada ya muda mfupi, naandika kwa haraka. Mimi mzima. Naandikia kitandani, usishangae mwandiko.

Ovedie ameniandikia. Anasema unamwandalia draug chakula. Anasema mnakaa wawili mezani, yeye amevaa koti la baba, kwenye kiti cha baba, nawe unamwongelesha hadi taa inazimwa. Anasema watu wanaogopa kupita mbele ya nyumba. Mama, sijali watu. Nakuuliza wewe. Unamwona nani ukimtazama?

Nilikupelekea telegramu: USIPANDE MASHUA. Ukanijibu maneno mawili: MZIMA. MAMA. Sikuuliza kama u mzima.

Nilijaribu simu ya redio mara mbili. Ya kwanza kulikuwa na dhoruba. Ya pili nilimsikia binti wa posta ya Skarvøya akisema "Haloo, haloo," kisha ikawa mvumo tu, kama upepo ndani ya chupa. Nilibaki na kile chombo sikioni muda mrefu.

Wewe ndiye uliyenikataza bahari. Ulichoma nyavu. Ulisema mtu wa nyumba hii hatapanda tena mashua. Nikakusikia. Leo unapanda wewe, Desemba, kwa ajili ya watoto wa Oslo ambao hawana hata fedha ya kununua kichwa cha mpira.

Usiende. Nakusihi. Sina la kufanya huku ila kukusihi.

Steinar

*

Skarvøya, 3 Januari 1974

Mwanangu Steinar,

Heri ya mwaka mpya. Krismasi ilikuwa tulivu. Mbavu za kondoo zilitosha na zikabaki. Vijana wote wameondoka isipokuwa Jostein, ambaye daktari alisema asisafiri kwanza. Sasa unajua kuna jambo. Kaa chini, nakusimulia lote kwa mpangilio.

Barua yako ya tarehe tano ilinifikia asubuhi ile ile ya kupiga picha. Niliisoma nimesimama. Nilisoma yote uliyoandika, lakini zaidi niliusoma mwandiko. Ulisema uliandikia kitandani. Mimi nimekuona ukiandika kitandani tangu utoto wako, herufi zako hulala kulia kama nyasi kwenye upepo. Hizi zimelala kushoto, na kubwa, kama za mtoto anayeanza shule. Nikaitia barua kifuani nikashuka ufukweni. Utaniuliza kwa nini nilikwenda. Kwa sababu niliahidi, na kwa sababu ningebaki jikoni ningekuwa natazama herufi zile siku nzima.

Bahari ilikuwa imelala kama maziwa kwenye bakuli. Mashua nusu ya draug waliitengeneza wenyewe: chombo kikuukuu wamekikata kwa msumeno, wakaziba kwa mbao na lami, chini wakafunga mapipa matupu kiwe kinaelea. Kamba ndefu iliishika kwenye mwamba walikosimama Wenche na kamera. Mimi nilikuwa kwenye mashua yetu ndogo. Kazi ilikuwa rahisi: nipige makasia kumwelekea, nisimame, niite "Anders!", maana mume wa kwenye filamu anaitwa Anders, naye ainue kasia lake. Wenche alisema, "Mama Hjørdis, huu ni mkanda wa mwisho, hakuna mwingine. Hata mbingu ikianguka usiache kuigiza mpaka niseme."

Nilipokuwa katikati nikasikia kitu kinapasuka chini ya maji. Pipa moja lilifyatuka, likaruka juu kama sili anayetafuta hewa. Mashua nusu ikalala ubavu na Jostein akazama wima, kama msumari.

Akaibuka akapiga ukelele. Steinar, mimi nimesikia hadithi za ukelele huo tangu nipo tumboni, na wote tulifundishwa: ukiusikia, geuza mashua, usitazame nyuma. Mwambani Wenche alikuwa anapiga makofi, "Safi! Hivyo hivyo! Endelea!" Walidhani anaigiza. Walivuta kamba, ikaja mashua nusu peke yake.

Mikono yangu ilitaka kugeuza. Sikufichi. Niliinua makasia, yakabaki hewani yanadondosha maji. Alizama tena, akaibuka na mwani umemfunika uso wote, sioni macho, naona koti tu na mdomo uliofunguka.

Nikaita. Kisha nikapiga makasia.

Nilipomfikia alidaka ubao wa mashua, nayo ikainama, maji yakaingia. Nikampiga kofi la uso, kofi la mama, nikamwambia, "Mshenzi wewe, shika nyuma, si ubavuni!" Akasikia. Lakini koti lilikuwa limejaa maji, linamvuta kama ng'ombe. Nilikuwa na kisu cha samaki kiunoni. Nikakata vifungo, nikapasua mgongo kuanzia shingoni. Turubai ile, nilivyoilainisha kwa mafuta, ilikubali kisu upesi. Likamtoka. Likashuka mikono imepanuka, nikalitazama mpaka likawa giza. Nilidhani nitalia. Sikulia. Nilikuwa nafikiria namna ya kumfikisha yule mtoto ufukweni akiwa hai.

Wenche aliingia majini hadi kifuani kunipokea. Tulimlaza Jostein kitandani kwangu, Ovedie akaja bila kuitwa, na nyonga yake, akamsugua miguu kwa pombe huku akinitukana mimi. Jostein alipona. Sauti ndiyo iliyochelewa kurudi, na kikohozi bado kipo.

Uliuliza ninamwona nani nikimtazama mezani. Sikuwahi kudhani ni baba yako. Sijarukwa na akili, mwambie na Ovedie akikuandikia tena. Nilipenda tu kelele. Mwanamume kijana akila na njaa ana kelele zake: kijiko, kiti, buti zikigongwa mlangoni. Nyumba hii ilikuwa imenyamaza mno.

Sasa zamu yangu kuuliza. Mkono wako wa kulia umefanywa nini?

Mama yako

*

Longyearbyen, 28 Januari 1974

Mama mpenzi,

Barua yako niliisoma nimekaa sakafuni, karibu na kitanda, na Torvald akadhani nimepata habari ya kifo. Nilipofika pale koti linapomtoka Jostein nikaanza tena mwanzo, kuhakikisha ni wewe uliyeandika na si mtu aliyeandika kwa niaba yako.

Umeniuliza. Basi.

Ilikuwa Novemba, kabla barua yako kuhusu koti haijafika. Gari la makaa lilirudi nyuma kwenye reli, mkono wangu ulikuwa kati yake na ukuta. Vidole vitatu vimekwenda. Vimebaki gumba na kidole kidogo, vinatazamana kama majirani waliogombana. Nilikuwa hospitalini nilipokuandikia Desemba. Torvald alitaka akuandikie yeye, nikamwapisha asiandike. Sasa niko nje. Wamenipa kazi ya taa, nazijaza na kuzihesabu wachimbaji wanapoingia na kutoka. Kila jioni taa zikirudi zote nalala. Ikichelewa moja silali.

Sikukwambia kwa sababu moja. Ulinikataza bahari nikiwa mtoto, na sikukulaumu hata siku moja. Nilikwenda chini ya mlima kwa kuwa hapakuwa na maji. Nilijua siku utakaposikia kwamba mlima nao umeuma, utakaa pale dirishani na kujihesabia kosa wewe. Nilikuona umekaa hivyo kwa ajili ya baba. Sikutaka uanze tena kwa ajili yangu.

Usijihesabie, Mama. Reli ilikuwa na barafu. Hakuna zaidi.

Nilikuwa na hasira na watu wa filamu hadi nilipofika mwisho wa barua yako. Sasa sijui niwe na hasira na nani. Mwambie Jostein chumba changu akitumie mpaka kikohozi kiishe. Kitanda kisipolaliwa kinaota ukungu.

Nitakuja na meli ya kwanza, Mei. Sijui nitafanya kazi gani huko kwa mkono wa namna hii. Tutaona.

Mwanao,
Steinar

*

Oslo, 17 Machi 1974

Mwanangu Steinar,

Umeona nimeandika wapi. Ndiyo, Oslo, mimi na goti langu. Ovedie anawalisha kondoo, analalamika kwa furaha kubwa. Nimelala kwa mama yake Wenche, mwanamke mwema anayechemsha kahawa nyepesi hadi unaona chini ya kikombe. Jostein alinipokea stesheni na maua mikononi, maua Machi, amenenepa kidogo, amekata nywele. Anakusalimu na kukushukuru kwa kitanda.

Barua yako niliisoma mara moja. Niliikunja, nikaenda zizini, nikakaa na kondoo. Mara ya pili sijaweza. Umesema nisijihesabie. Nitajaribu, lakini mama hafuti hesabu kwa kuambiwa. Nilidhani nikikufungia mlango wa bahari nimeifunga dunia nzima. Njoo nao huo mkono, vidole viwili au kumi, nitaushika. Kuhusu kazi, usinichokoze. Mchungaji wetu anatafuta mtu wa kanisa mwenye sauti ya kusikika.

Sasa nikwambie kilichonileta huku.

Filamu yao ilipigwa bila sauti. Sauti ni ghali, kwa hiyo wanaiongeza baadaye, watu wanasimama kwenye chumba kilichofunikwa mablanketi ukutani, wanajitazama na kusema upya maneno yao. Wenche aliniandikia: yale ya dirishani yanaweza kusemwa na mtu mwingine, lakini kuna mahali pamoja panamsumbua. Ni pale baharini. Mpiga picha hakuzima kamera siku ile, yote imo. Wenche aliapa ataichoma nikimwambia aichome. Jostein alisema yeye hana kinyongo, uamuzi ni wangu. Nikasema nitakuja kwanza niione.

Basi jana wakanikalisha gizani. Nikajiona. Mwanangu, mimi ni mdogo sana kwenye bahari ile. Sikujua. Nikaona makasia yangu yakiinuka na kubaki juu, nikaona nilivyokaa vile muda mrefu, mrefu kuliko nilivyokusimulia. Halafu mdomo wangu ukafunguka mara tatu. Sauti hakuna. Nikaanza kupiga makasia kama mwendawazimu.

Wenche akawasha taa. Akasema kwa upole, hana tena ile sauti yake ya kuamrisha, "Mama Hjørdis, hapo ulitakiwa useme Anders. Lakini hukusema Anders. Nimeutazama mdomo mara nyingi." Akasema, "Ulimwita mumeo, si ndiyo? Ulisema Edvin. Basi tutaacha Edvin. Mume wa filamu ataitwa Edvin kuanzia mwanzo hadi mwisho, nitabadilisha yote. Unaweza kulisema tena?"

Nikasimama mbele ya kipaza sauti. Wakarudisha picha. Nikaita, "Edvin! Edvin! Edvin!"

Nilikuwa sijalitamka jina hilo kwa sauti ya kuita tangu mwaka ule. Nimelitaja, ndiyo, kwa mchungaji, kwa karani, kwako. Kumwita sikuwahi. Mwaka ule nilisimama kwenye mwamba pamoja na wanawake wengine, wao wakaita waume zao, mimi nikafunga mdomo, kwa sababu kumwita kungekuwa kukubali kwamba hanisikii. Jana niliita ndani ya chumba cha mablanketi, na hakuitika, nikakubali. Jostein alikuwa nyuma yangu akanishika bega. Nikalia kidogo, kisha nikaomba kahawa nzito.

Wakaitazama tena na sauti yangu juu yake. Wenche akakunja uso. "Haiendani," akasema. "Sijui kwa nini. Sauti inasema Edvin, mdomo unasema jingine." Akajaribu kuivuta mbele, akajaribu kuirudisha nyuma. Haikuendana. Mwishowe akasema hakuna fedha ya siku nyingine studio, itabaki hivyo. Nikamwambia ibaki, na asiichome.

Sikumweleza. Jina lako silitaki kwenye filamu ya wafu, likiitwa mbele ya watu kila jioni. Lakini wewe nakwambia. Asubuhi ile barua yako ilikuwa kifuani mwangu, nimeisoma mara nyingi nikitafuta mkono wako uko wapi. Na alipoibuka yule kijana, umri wako, koti la baba yako, uso hauonekani, sikumwona draug wala sikumwona Edvin. Niliita, "Steinar! Steinar! Steinar!" Ndipo mikono yangu ikashuka, makasia yakaingia majini.

Filamu itaanza kuonyeshwa vuli, kwanza huku, kisha itazunguka hadi ukumbi wa vijana kwetu. Watu wa kisiwani watacheka. Watasema ni filamu ya maskini, mdomo unakwenda huku na sauti inakwenda kule. Waache waseme. Wewe ukikaa pale usisikilize. Tazama mdomo tu.

Mama yako,
Hjørdis